Karatasi Imeandika IV, Nyumbani Wameanza Kunililia

Safu ya MUULIZE SISTA

Shikamoo Sista,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi, nina miaka 43, mama wa watoto watatu. Mwezi wa pili nilikuwa nasukwa, msusi akasimamisha mkono akaniambia, "Mwalimu, mbona shingo upande huu imejaa?" Nikajitazama kwenye kioo huku nameza mate, nikaona kweli kuna kitu kinapanda na kushuka. Hakiniumi. Chakula kinapita, kikohozi sina, sauti ni ileile.

Nilikwenda hospitali. Kwenye damu wakasema TSH, homoni inayoonyesha kama tezi inafanya kazi, iko sawa. Altrasaundi ikaonyesha uvimbe mmoja upande wa kushoto wa tezi ya shingo, sentimita 2.8, umejaa nyama si maji, na aliyeandika ripoti akasema ni wa kutiliwa shaka. Upande wa kulia safi, mitoki hakuna. Wakanipangia kipimo cha sindano. Nililala chali, mto chini ya mabega, kichwa kimerudi nyuma, nikaambiwa nisimeze wala nisiongee. Sindano yenyewe ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoogopa. Walichonyonya wakakipaka kwenye vioo, nikabandikwa pamba, nikarudi nyumbani na daladala.

Majibu yalipotoka ndipo balaa lilipoanza. Karatasi imeandikwa "Bethesda IV" na maneno mengine marefu ya folikula. Shemeji yangu, aliyesoma famasia mwaka mmoja akaacha, aliisoma, akamwita mume wangu nje. Nikasikia "hatua ya nne". Tangu siku hiyo watu wanaingia kwangu na sura za msibani. Mume wangu, ambaye mwanzoni alisema tusubiri kwa kuwa siumwi, sasa anaulizia bei ya kiwanja chetu cha Njia Panda ili nipelekwe India. Wifi zangu wote wanataka nao wakapimwe shingo.

Daktari bingwa wa hapa Moshi anataka kutoa nusu ya tezi, upande wenye uvimbe tu, ikapimwe. Kaka yangu anakaa Arusha, akanipeleka kwa daktari mwingine huko, naye akasema bora itolewe yote mara moja tumalize. Kaka mwenyewe amesoma mahali kwamba Wajapani siku hizi hawakati, wanaangalia tu. Mama mkwe, mtu wa Old Moshi, anasema rovu ni jambo la kawaida huku mlimani, bibi zake walizeeka nayo wakazikwa nayo, na kwamba kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Ameniletea unga wa mwani nichanganye kwenye uji.

Sista, nina darasa la watoto zaidi ya 70, na naimba sauti ya pili kwaya ya usharika. Nikipoteza sauti nimepoteza kazi. Nikatwe au nisubiri? Na nikikatwa, nusu au yote? Bima ninayo.

Sauti ya Pili, Moshi

* * *

Marahaba mwalimu, na pole kwa wageni wa msiba ambao haujatokea.

Wakusanye, wape chai, kisha uwasomee hivi: IV ya Bethesda si hatua ya nne ya kansa. Si hatua ya kitu chochote. Bethesda ni mji wa Marekani, jimbo la Maryland, walikokutana wataalamu mwaka 2007 wakakubaliana kwamba majibu ya sindano ya tezi ya shingo yaandikwe kwa mafungu sita, ili daktari wa Moshi na wa Boston wakisoma karatasi moja waelewe kitu kimoja. Fungu la I maana yake chembe hazikutosha, sindano irudiwe. La II ni uvimbe usio na ubaya. La VI ni kansa, ubishi karibu umekwisha. Katikati ndiko kwenye mashaka, na wewe uko katikati. Kwa toleo la 2023 la mwongozo huo, katika kila watu 100 wa fungu la IV wanaofanyiwa upasuaji, wanaokutwa na kansa ni kama 30. Sabini waliobaki hawana.

Hatua za kansa ni hesabu nyingine, nayo haianzi kupigwa mpaka kansa yenyewe ithibitishwe. Na shemeji angevumilia shule pengine angekutana na jambo hili: kwa zile kansa mbili za kawaida za tezi ya shingo, papilari na folikula, mgonjwa aliye chini ya miaka 55 hapangiwi hatua ya nne kabisa, hata kama imeshafika mapafuni. Ya juu kwake ni ya pili. Wewe una 43. Kiwanja cha Njia Panda kiacheni kilipo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona hakuna aliyekaa na wewe akakueleza. Sindano iliingia mpaka ndani ya uvimbe, ikatoka na chembe. Kwa nini basi haisemi ni kansa au si kansa? Uvimbe wa folikula, yaani wa vile vijiduara vya chembe vinavyotengeneza homoni ya tezi, una kifuko chembamba kinachouzunguka. Ulio mwema na ulio mbaya, chembe zao chini ya hadubini hazitofautiki. Kinachowatenga ni kwamba mbaya umetoboa kile kifuko, au umeingia kwenye mishipa ya damu iliyo jirani. Sindano huchota nyama ya ndani tu. Ni sawa na mtu akupe kijiko cha parachichi lililokwisha kumenywa, halafu akuulize kama ganda lake lilikuwa na tundu. Hata sindano ikirudiwa, swali hilo linabaki palepale. Mwanapatholojia hana budi apate uvimbe mzima na kifuko chake, aukate vipande vyembamba, auzunguke wote akitafuta mahali palipotoboka.

Ndiyo maana daktari wako wa Moshi anataka nusu. Hajakuhukumu kuwa una kansa. Kwa hali yako, kutoa upande wa kushoto ndicho kipimo chenyewe, na ukikutwa ni uvimbe mwema basi kipimo na tiba vimeishia hapohapo.

Ungeniuliza mimi ningefanyaje, nakujibu bila kuzunguka: ningekubali kukatwa, nusu, bila kukimbizwa na mtu, lakini mwaka huu. Nimekaa wodi ya upasuaji na kliniki yake miaka mingi na mimi si daktari wako, kwa hiyo haya yabebe uende nayo kliniki, ukayaweke mezani.

Daktari wa Arusha asionekane mwenye haraka ya kisu. Ana hoja, na hoja yake ni kukuepusha na kurudi thieta mara ya pili endapo nusu itakutwa na kansa. Ningekuwa upande wake kama uvimbe ungekuwa umevuka sentimita 4, au kama upande wa kulia nao ungekuwa na vinundu, au mitoki imeonekana, au tezi yako imeshachoka na unameza dawa zake tayari, au kuna ndugu wa damu aliyewahi kuwa na kansa ya tezi hii. Kwenye barua yako sioni hata moja. (Hilo la ndugu wa damu hukuliandika. Muulize mama yako mzazi na shangazi zako kabla hujarudi kliniki, na jibu umpe daktari hata asipouliza.) Piga hesabu ya wale 100: ukiwatoa wote tezi nzima, 70 wametolewa kiungo ambacho hakikuwa na ubaya, na kuanzia kesho yake ni kidonge cha levothairoksini, homoni ya kuziba pengo la tezi, kila siku ya Mungu, tumbo tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai, maisha yote. Dawa hiyo ni nzuri na watu wanaishi nayo vizuri, ila ni kazi: isigongane na vidonge vya kuongeza damu wala vya kalsiamu, damu ipimwe mara kwa mara, isikatike. Wanaotolewa nusu, takriban mmoja kati ya watano ndiye anayehitaji kidonge hicho. Wengine upande uliobaki unajitosheleza.

Na hata wale 30, si wote wanaorudishwa kukatwa. Kansa ya folikula ambayo imetoboa kifuko kidogo tu, bila kuingia mishipani, mara nyingi nusu iliyotolewa inatosha na mtu anafuatiliwa. Ikionekana unahitaji tezi yote itoke na unywe aiodini ya mionzi, dawa ya kuua chembe za tezi zilizobaki, hapo ndipo safari ya Dar es Salaam, hospitali ya kansa ya Ocean Road, inapokuja. Usiifunge mizigo yake leo.

Hili la kutoa yote au kuacha kiasi, tena, ni la zamani. Theodor Kocher, daktari wa Bern, Uswisi, aliyepewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hii, ndiye aliyegundua mwaka 1883 kwamba wagonjwa wake aliowatoa tezi nzima walirudi wamevimba uso, wazito wa mwili na wa akili. Enzi hizo kidonge hakikuwapo. Leo kipo, lakini kuwapo kwa kidonge hakujawa sababu ya kutoa kilicho kizima.

Rudi kwa daktari wa Arusha, au mpigie kama aliacha mlango wazi, umuulize kwa adabu: "Daktari, kuna kitu ulikiona upande wa kulia kilichokufanya useme yote?" Kama kipo, hesabu zangu zinabadilika. Kama ni kumaliza tu, basi umeshajua.

Sauti. Nyuma ya kila upande wa tezi unapita mshipa mmoja wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti za upande huo. Mpasuaji hupita karibu nao sana. Kwa mikono iliyozoea, mshipa huo unaharibika moja kwa moja kwa mgonjwa mmoja au wawili kati ya 100. Wanaokwaruza kwa wiki au miezi halafu sauti ikarudi ni wengi zaidi ya hao, na wengine hukwaruza siku mbili tatu kwa sababu tu ya mpira wa kupumulia waliowekewa wakati wa nusu kaputi. Kuna na mshipa mwingine mdogo, upande wa juu, wenye kazi ya noti za juu na kupaza sauti. Sauti ya kwanza wangeuogopa huo kuliko wewe, ingawa darasa la watoto 70 nalo ni kupaza sauti tu toka asubuhi. Mwambie mpasuaji wazi kwamba unafundisha na unaimba. Usidhani ni kujidai. Akilijua hilo, ule mshipa wa juu nao atautafuta.

Hapa pia nusu inakupendelea: mshipa ulio hatarini ni wa upande mmoja tu, wa kulia hauguswi. Vilevile zile tezi ndogo nne, kila moja kama punje, zinazokaa nyuma ya tezi ya shingo na kulinda kalsiamu ya mwili: ukitolewa yote, zote nne zinaweza kutikisika, ukaamka midomo na vidole vinachonyota. Ukitolewa nusu, mbili za upande wa pili zimekaa kwa amani.

Kabla ya upasuaji omba bingwa wa masikio, pua na koo azitazame nyuzi zako za sauti. Ni uchunguzi mfupi. Kuna watu ambao uzi mmoja ulishalala zamani na hawajui, na hiyo inabadilisha mpango wote wa upasuaji.

Kumuuliza daktari anakata mara ngapi kunawatia watu aibu hapa kwetu, utadhani umemtukana. Lakini ndilo swali lenye uzito kuliko la jina la hospitali. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliona madhara yanapungua kwa wapasuaji wanaotoa tezi nzima zaidi ya 25 kwa mwaka. Huna haja ya kumtajia namba hiyo. Sema tu, "Samahani daktari, upasuaji wa tezi ya shingo huwa unaufanya mara kwa mara?" Anayeufanya atakujibu huku anatabasamu. Na aliyezoea yupo Moshi au Arusha, hata mwendo wa saa mbili kwa basi haujaisha, kwa hiyo India sioni inakwenda kufanya nini.

Wajapani wa kaka yako ni wa kweli. Hospitali ya Kuma, mjini Kobe, ilianza mwaka 1993 kuwafuatilia watu kwa altrasaundi badala ya kuwakata, na wengi wao uvimbe haukusogea kwa miaka kumi na zaidi. Ila wale walikuwa na kansa ya papilari isiyozidi sentimita 1, iliyokaa mahali salama. Wako ni sentimita 2.8 na ni wa folikula, ambao hata jina lake kamili bado hatujalijua. Huwezi kuazima subira ya mgonjwa mwingine. Kaka akitaka kutumia pesa zake vizuri, kuna mambo mawili. Vile vioo vyako vya sindano vinaweza kuombwa vikasomwe na mwanapatholojia wa pili, kwa sababu haya mafungu ya katikati wataalamu hutofautiana. Na huko Marekani kuna kipimo cha jeni cha chembe hizohizo ambacho huwaokoa baadhi ya watu wa fungu la III na IV wasikatwe. Ni cha bei kali. Aulize, asikie bei, lakini miezi isipite mnamsubiri.

Kuhusu muda, usikimbizwe. Kansa hizi zikiwepo huwa za polepole. Shule zinafunga mwezi wa sita. Panga hapo, upone nyumbani, Julai urudi darasani na sauti iliyopumzika. Kitakachonifanya nikwambie usingoje Juni ni sauti kuanza kukwaruza bila mafua, uvimbe kukua ndani ya wiki, mitoki kutokeza, chakula kukwama au pumzi kubana ukilala chali. Mojawapo likitokea rudi kliniki bila kungoja tarehe yako. Na kama kuna uwezekano wowote una mimba, kasemeni sasa, maana mpango wa tarehe utabadilika.

Mama mkwe nimemwacha mwisho kwa heshima, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli. Huku milimani rovu ilikuwa ya kila ukoo. Mvua zimeosha madini joto (ndiyo aiodini) kwenye udongo wa miinuko karne na karne, chakula kikawa hakina, tezi ikawa inajitanua kutafuta. Hata chumvi ilipoanza kutiwa madini joto nchini, miaka ya 1990, wazee walishazeeka na rovu zao. Wengi walikufa kwa mambo mengine. Lakini hakuna aliyewahi kuipima rovu ya bibi yake ajue ilikuwa na nini ndani, na wataalamu wanajua kwamba kwenye maeneo yaliyokosa madini joto ndiko ile kansa ya folikula ilikokuwa na fungu kubwa zaidi. Kwa hiyo mlima wenyewe ni sababu ya kuangalia, tena kwa makini.

La kisu kusambaza kansa limetokana na tulivyokuwa tunachelewa. Mtu anakuja uvimbe umeshamaliza tumbo, anafunguliwa, anafungwa hivyohivyo, miezi miwili anazikwa. Nyumbani wanakumbuka kisu, hawakumbuki miaka miwili ya kukaa nao. Kansa ya tezi ya shingo tiba yake ya kwanza ni hicho kisu, na wanaotibiwa mapema ile ya kawaida, walio wengi mno wanaendelea kuishi miaka kumi, ishirini, mpaka wakafa na uzee.

Mwani uweke kando. Mwani umejaa madini joto, na tezi yenye kinundu ikipewa madini joto kupita kiasi inaweza kukurupuka ikazalisha homoni ovyo, au ikazimika. Utafika siku ya upasuaji TSH imeharibika, daktari wa usingizi atakurudisha nyumbani. Mwambie mama mkwe kwamba umeupokea, umeuhifadhi, Sista amekataza mpaka baada ya upasuaji. Huo si uongo, mimi ndiye nimekupa neno la kumwambia. Na kama kuna kingine ulichokwisha kunywa, cha miti shamba au cha maombi, kitaje hospitali bila haya. Sisi tuliofanya kazi Kaskazini mwaka 2011, wakati watu walipomiminika kunywa dawa ya kikombe cha Babu wa Loliondo, tulishasikia yote; la hatari ni kile ambacho mgonjwa amekificha.

Mambo ya siku yenyewe nitayapita haraka, moja tu nitalikazia. Kovu litakuwa kwenye mkunjo wa shingo. Kama una makovu yanayoota na kuvimba, tazama ulikotoboa masikio, mwambie mpasuaji mapema. Kwenye bima peleka barua ya rufaa kabla ya tarehe, uulize kwa maandishi wanalipa nini na nini hawalipi. Ninalolikazia ni usiku wa kwanza. Katika wagonjwa 100, kama mmoja hivi huvujia damu ndani ya shingo, mara nyingi ndani ya saa 24, na damu hiyo hubana koo. Wodini kwetu tuliwabandikia wagonjwa wa tezi kisahani chenye mkasi na kifungua nyuzi kichwani mwa kitanda, ili nesi akate nyuzi palepale bila kutafuta ufunguo wa kabati. Kwa hiyo lala hospitali hata kama unajisikia mzima, na atakayekuangalia awe mtu asiyeona haya. Akiona shingo inajaa, bandeji inakaza, unahema kwa shida au unataka kukaa kitako bila sababu, aite nesi kwa sauti. Asingoje raundi ya asubuhi.

Halafu kuna kopo. Nusu ya tezi iliyotolewa hutiwa kwenye kopo lenye fomalini, na kuna mahali ambapo ndugu ndiye anayekabidhiwa kopo hilo alipeleke maabara ya patholojia na kulilipia. Nimeona makopo yaliyokaa dirishani wiki nzima kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake amelipeleka. Kwako wewe kopo hilo ndiyo sababu ya upasuaji wote. Mpe mume wako kazi hiyo, kwa jina, mbele ya shemeji: alipeleke siku hiyohiyo, apewe risiti yenye namba, aulize majibu yanatoka lini, na tarehe hiyo aende yeye mwenyewe. Itampa mikono yake kitu cha kufanya, naye ataacha kuuza viwanja. Majibu yakitoka, yasisomwe sebuleni. Yafike kwa daktari yakiwa na wewe na yeye, na Bethesda hapo haitatajwa tena.

Sauti yako usiilazimishe wiki mbili tatu za mwanzo. Kwaya watakutunzia nafasi, sauti ya pili huwa hawatoshi.

Sista

N.B. Wifi zako wasiende kupimwa shingo kama hawana uvimbe, sauti haijabadilika, na hakuna kansa ya tezi kwenye ukoo. Korea Kusini walianza kuwapiga altrasaundi watu wazima wasiolalamika chochote. Kati ya 1993 na 2011 kansa za tezi zilizogunduliwa zikaongezeka mara kumi na tano, na idadi ya waliokufa nayo ikabaki ileile. Maelfu walikatwa shingo kwa vinundu ambavyo vingekaa kimya mpaka mwisho wa maisha yao.